Harufu Isiyo na Mwenyewe

Bafu linalosuguliwa kila siku kwa sabuni na maji ya moto hupata wapi harufu ya ukungu? Nilijiuliza swali hilo Jumatatu jioni, nusu saa baada ya kufika nyumbani Musoma kwa likizo, nikiwa nimesimama bafuni na taulo begani. Nilikuwa mwaka wa tatu wa masomo ya afya ya mazingira. Muhula uliopita nilikuwa nimeandika kurasa kumi na nne kuhusu unyevu katika makazi ya mijini. Sikuwa na jibu.

Harufu yenyewe haikuwa kali. Ilifanana na ya gunia lililosahauliwa stoo wakati wa mvua. Iliingia kwenye taulo, ikatoka pamoja na mtu na kumfuata hadi ukumbini. Kwenye kona za dari kulikuwa na madoa meusi yaliyosambaa kama wino uliomwagikia karatasi. Maungio ya marumaru yalikuwa yamegeuka rangi, na mlango wa mbao ulikuwa umevimba kwa chini hata kuufunga kulihitaji bega.

Mama yangu, Dorah, ndiye mtu wa mwisho ambaye ningemshuku kwa uchafu. Ameuza dagaa pale sokoni Mwigobero kwa miaka kumi na sita, na hununua kwa pua. Huingiza mkono katikati ya gunia, hutoa konzi moja, hunusa, kisha husema, "Hizi zilianuliwa kabla jua halijamaliza kazi." Muuzaji habishi.

"Mama, harufu ya bafuni huisikii?" nilimwuliza.

"Naisikiaga." Alikuwa akichambua mchele na hakuinua uso.

"Tangu lini?"

"Tangu masika. Kama unataka kusugua, sugua. Brashi iko nyuma ya ndoo."

"Na dirisha limezibwa kwa nini?"

Dirisha la bafu letu ni dogo, liko juu, na linatazama baraza la nyuma. Lilikuwa limepigiliwa kipande cha plaiwudi kwa ndani.

"Wadudu wa ziwani," alisema mama. "Mwaka huu walikuja wengi."

Nililikubali jibu hilo. Wadudu wa ziwani huja kweli, kama moshi, na huingia hata kwenye uji.

Wakati huo nyumba yetu ilikuwa na watu watatu siku za wiki: mama, mimi na babu. Baba yangu, Revocatus, hufundisha shule ya sekondari karibu na Guta, kule Bunda, na huja Jumamosi. Babu Magesa ni baba yake baba. Nyumbani kwake ni Butiama, ambako amelima na kufuga maisha yake yote, na ambako ameishi peke yake tangu bibi alipofariki. Mwezi wa tatu, mvua ikinyesha, aliteleza kwenye mawe akienda chooni na kuvunjika mguu. Alilala pale pale tangu alfajiri mpaka jirani yake Mniko alipokuja kukamua. Alipotoka hospitali akiwa na chuma mguuni, baba alimleta kwetu. Daktari alisema akae karibu na kliniki hadi mwisho wa mwezi wa tisa, na asitembee kwenye mawe.

Kumpokea mkwe chini ya paa moja si jambo dogo kwa mwanamke wa kwetu. Mkamwana hamwangalii baba mkwe usoni, hakai kwenye kiti alichokalia, wala hatamki mbele yake neno lolote linalohusu mwili. Nyumba za zamani zilijengwa kwa kulijua hilo: boma lilikuwa pana, na kila mtu alikuwa na upande wake. Nyumba yetu ina bafu moja. Kwa hiyo mama alipanga utaratibu. Babu alioga saa nane mchana, mama akiwa bado sokoni. Kabla ya kutoka asubuhi, mama alikusanya kanga yake, sabuni yake na dodoki lake akavifungia chumbani, ili mkwe akiingia asikute alama yoyote ya mkamwana. Mama mwenyewe alioga akirudi sokoni, saa kumi.

Niliuona utaratibu huo kuwa mzigo usio wa lazima, lakini sikusema. Nilikuwa nimekuja na kazi yangu.

Jumanne nilisugua kuta kwa siki. Jumatano nilipaka magadi soda kwenye maungio ya marumaru, nikayaacha robo saa, nikayasugua kwa mswaki wa zamani. Alhamisi nilitumia klorini. Sikuchanganya siki na klorini, kwa sababu najua hewa inayotoka humo. Muda niliofanya kazi ulikuwa ule ule kila siku, saa nane na nusu, babu akitoka tu, kwa kuwa kuta zilizoloa husugulika kwa urahisi. Nilimsubiri mlangoni nikiwa na ndoo, brashi na glavu za mpira. Siku ya klorini nilijifunga mtandio puani.

"Pole na kazi, mke wangu," babu aliniambia kila alipopita na mkongojo wake.

Aliniita mke wake kwa sababu mbili. Kwetu babu na mjukuu wa kike ni watani, na utani wao ni wa mume na mke. Tena jina langu ni Nyamburi, ambalo ndilo lilikuwa la bibi. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nimemweleza, kwa heshima zote, kwamba utani huo haunipendezi na kwamba unamshusha mwanamke. Alinisikiliza hadi mwisho. Akasema, "Nimekuelewa, mke wangu." Tangu hapo nilikuwa naitika kwa kukohoa.

Kila siku baada ya kusugua harufu ilipungua. Kila asubuhi ilikuwa imerudi.

Alhamisi jioni babu aliniita barazani. Kiti chake kilikuwa baraza la nyuma, kimeegemezwa ukutani, na hapo ndipo alipokaa tangu kupambazuka hadi jua kuzama, redio ikiwa pajani.

"Mwambie baba yako, akija Jumamosi anipeleke Butiama."

"Kutembea?"

"Kukaa."

"Na kliniki?"

"Kliniki walinitibu. Nimepona."

Hakuwa amepona. Ili kuinuka kwenye kiti alihitaji mikono yote miwili na mapumziko katikati. Nilipompelekea mama habari hizo jikoni, aliweka mwiko chini.

"Atakufa kule," alisema. "Yale mawe yako pale pale. Na Mniko hajagi kila siku, anakuja akikumbuka."

"Basi mzuie."

"Mimi? Mimi nimzuie mkwe wangu, nikiwa nani?"

Ijumaa asubuhi, kabla mama hajaenda sokoni, nilimwita fundi Shomari, ambaye ndiye aliyetujengea choo. Nilishaamua kwamba bomba limepasuka ndani ya ukuta. Shomari ni mtu mfupi na mtaratibu. Alibandika sikio ukutani kama daktari wa watoto, akagonga hapa na pale kwa mpini wa nyundo, akafungua bomba na kulifunga.

"Bomba zima," alisema. "Ukuta mzima. Hili bafu linaumwa pumzi."

"Pumzi?"

"Dada, ukivaa koti la mvua wiki nzima hujalivua, utanukia nini?" Alipandisha macho dirishani. "Hii nani kapigilia?"

"Mama. Kwa ajili ya wadudu wa ziwani."

Shomari aliingiza kidole pembeni ya plaiwudi. Nyuma yake kulikuwa na gunia lililokunjwa mara nne na kushindiliwa. Alihesabu misumari kwa midomo.

"Kumi na miwili," alisema. "Wadudu wa ziwani huwekewa wavu. Huyu aliyezuiwa hapa ni mdudu mwenye masikio."

Alitoka nje kulitazama dirisha kwa upande wa pili. Nilimsikia akisema, "Shikamoo, mzee," na babu akiitikia kutoka mahali palipo chini kabisa ya dirisha lile. Shomari alirudi taratibu na kuanza kukusanya vyombo vyake.

"Si ungelitoa tu?" nilimwambia. "Ni dakika tano."

"Ni dakika tano." Alimtazama mama, aliyekuwa amesimama ukumbini akiushika upindo wa kanga yake. "Nisamehe, mama. Mimi sikuona kitu. Hii si kazi ya fundi."

Alikunywa chai yake akiwa amesimama, akaondoka.

Nilimvuta mama jikoni, nikafunga mlango. Kwa mara ya kwanza wiki ile nililitazama jambo lenyewe badala ya kuutazama ukuta. Saa kumi mama anaoga. Saa kumi babu yuko kwenye kiti chake. Kati ya maji yanayomwagika mwilini mwa mkamwana na masikio ya baba mkwe kulikuwa na dirisha lenye upana wa daftari.

"Uliziba wewe, kwa sababu yake," nilisema.

"Ulitaka anisikie?"

"Na ulijua kwamba harufu inatoka hapo?"

Mama aliniangalia kama anavyowaangalia wauzaji wa Mwigobero. "Mimi nisijue? Dagaa ukiifunga na unyevu, ukaikatia upepo, siku ya tatu inavunda. Hata uioshe kwa dawa gani. Ninyi mnasomaga miaka mitatu kitu hicho?"

"Sasa siku zote tatu nasugua umeniacha tu."

"Ulikuwa na furaha."

"Mwambie asogeze kiti."

"Mkwe hasogezewi kiti na mkamwana. Na akiuliza sababu?"

"Basi baba amwambie."

"Nimemtuma mara mbili. Mara ya kwanza alienda kuongea habari za mvua. Mara ya pili, bei ya ng'ombe mnadani." Alicheka kidogo, bila furaha. "Baba yako anafundisha watoto mia mbili. Neno moja kwa baba yake linamshinda."

Nilisema kwamba nitamweleza babu mimi mwenyewe, kwa lugha ya kitaalamu. Kuvu huhitaji unyevu na hewa iliyotulia. Dirisha likifunguliwa, kuta zitakauka, tutakwangua dari, tutapaka chokaa, na jambo litakuwa limekwisha. Sikuona aibu katika sentensi yoyote kati ya hizo.

Mama alinikata kabla sijamaliza. "Nyamburi. Siku utakayomtajia mkwe wangu habari ya mimi kuoga, nitaondoka mimi kabla yake. Sikutishi. Nakwambia."

Nilijua kwamba hanitishi.

Jumamosi asubuhi mama alikwenda Mwigobero. Babu alikuwa tayari: mkoba mdogo miguuni, shuka limefungwa kamba, redio imezimwa ili kuhifadhi betri za njiani. Niliketi kwenye ngazi ya baraza.

"Babu, kwa nini unaondoka?"

"Mtama."

"Mtama ulishavunwa."

"Mbuzi, basi."

Jirani alikuwa akianika nguo, na mmoja wa kuku wetu alikuwa akimtazama kwa makini.

"Nikuulize, wewe unayesoma mambo ya afya," babu alisema. "Mtu akizeeka anaanzaga kunuka, halafu mwenyewe haisikii. Ni kweli?"

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna. Hawa ni watu wazuri, hawawezi kusema. Lakini nimeona. Nikitoka kuoga tu, unaingia na dawa. Jumanne dawa hii, Jumatano dawa nyingine. Alhamisi ukaleta ile ya kuchoma macho, umejifunga na kitambaa puani." Alisema hayo bila lawama, kama mtu anayeeleza njia aliyopita. "Nikasema, huyu ni msomi, anajua kipimo. Kama dawa tatu zimeshindwa, bora nirudi kwa mbuzi. Mbuzi hawajasomaga."

Kwa siku tatu nilikuwa nimesimama mlangoni na ndoo kumfukuza babu yangu, na kila siku nilikuwa nimeongeza nguvu ya dawa.

Nilifungua kinywa nieleze kuhusu kuvu. Sentensi ya kwanza ilikuwa rahisi. Ya pili ilipita dirishani. Na iliyopita dirishani ilifika kwa mama. Niliitafuta njia nyingine yoyote na sikuipata. Mtu pekee katika nyumba ile aliyeruhusiwa kumtajia mzee Magesa habari za kuoga alikuwa mke wake, na cheo hicho nilikuwa nimekikataa kwa hoja.

"Mume wangu," nilisema.

Babu aligeuza shingo polepole.

"Mume wangu, kwani mimi ulinioa wapi, kwamba nivumilie aibu hii? Mwanaume mzima umeweka kiti chini ya dirisha la bafu langu. Tangu alfajiri mpaka jua linazama. Nikimwaga kopo moja la maji, wewe unasikia. Nikiangusha sabuni, unasikia. Majirani watasema nini? Nimeziba dirisha kwa misumari kumi na miwili ili nioge kwa amani, bafu limekosa upepo, limeota ukungu, linanuka. Halafu wewe unafunga mkoba eti umezeeka. Hujazeeka. Unasikiliza."

Babu alijua kwamba nilifika Jumatatu. Alijua pia kwamba plaiwudi ile ilipigiliwa siku ya tatu baada ya yeye kuletwa, kwa maana ndiye aliyekuwa amekaa chini yake wakati nyundo ikigonga. Aliinua uso akalitazama dirisha lililokuwa juu ya kichwa chake, nadhani kwa mara ya kwanza. Alilitazama muda mrefu.

"Kumbe," alisema.

"Ndiyo hivyo."

"Tangu masika?"

"Tangu masika."

"Na ukavumilia."

"Ningesemaje?"

Alishusha uso, akaushika mkongojo kwa mikono miwili. Mabega yake yalianza kutikisika na nilidhani analia, mpaka niliposikia kicheko. Kilikuwa cha chini, kama cha mtu aliyepatikana akiwa amevaa viatu vya mwenzake.

"Nimeoa mwanamke mkali," alisema.

"Na harufu si yako. Ingekuwa yako ingekuwa hapa barazani. Unakaa hapa siku nzima. Panukaje?"

Alivuta hewa kwa pua, kwa uangalifu, kama nilivyomwona mama akifanya juu ya gunia.

"Vumbi," alisema. "Na kuku."

Niliingia ndani kuinjika chai. Nikiwa jikoni nilisikia kitu kizito kikiburutwa sakafuni, kikisimama, kikiburutwa tena. Nilitaka kwenda kusaidia. Kisha nilifikiri kwamba hicho huenda ndicho kiti kimoja duniani ambacho hakikupaswa kusogezwa na mtu mwingine, na nikabaki nikitazama maji.

Baba alifika saa saba kutoka Bunda, akiwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Alimkuta babu mbele ya nyumba, kwenye kivuli karibu na geti, akisalimiana na kila apitaye. Mama, aliyefunga biashara mapema siku hiyo, aliingia muda mfupi baadaye, na kama kawaida yake alizungukia nyuma ili asipite mbele ya mkwe. Nilimwona akisimama kwenye baraza tupu. Sakafuni kulikuwa na alama nne za miguu ya kiti na mikwaruzo mirefu iliyokwenda hadi kwenye kona ya nyumba. Alizifuata kwa macho. Kisha alinitazama mimi kupitia mlango wa jikoni, na mimi nikaendelea kukata vitunguu.

Baba alikuwa ameshauinua mkoba. "Baba, tutaondoka tukishakula, ili tufike mapema."

"Rudisha huo mkoba ndani," babu alisema. "Siendi Butiama mpaka daktari aseme. Na kiti changu kitakaa huku mbele. Kule nyuma kunachosha, kuna kuku tu."

"Lakini Nyamburi alinipigia simu Alhamisi, akasema umesema—"

"Alhamisi nilikuwa mgonjwa."

Baba alibaki na mkoba mkononi. Alinitazama, akamtazama baba yake, na ninaamini alianza kufikiria habari za mvua. Mama alikuwa amekuja hadi ukumbini. Alisimama nyuma ya pazia, uso umeelekea pembeni kama inavyopasa, beseni la dagaa kiunoni. Hakuna aliyekuwa ametaja bafu. Ingewezekana lisitajwe kabisa, na plaiwudi ile ikabaki ukutani mwaka mwingine, kwa sababu kila mtu angesubiri mwenzake aanze.

Nilifuta mikono yangu, nikatoka hadi pale ambapo wote watatu wangenisikia.

"Dirisha la bafu niliziba mimi," nilisema. "Leo nalifungua mimi, na halitazibwa tena. Baba, naomba nyundo."